Mwalimu wa TikTok kapewa ofisi halmashauri, tunashangilia nini hasa?

Najua wengi mmekuja kutafuta ubuyu wa wale wawili walioachana wikiendi, tulieni, utakuja. Leo nina la moyoni kuhusu staa wa aina nyingine kabisa.

Kuna mwalimu mmoja, jina kapuni, ila kama una TikTok lazima umeshakutana naye. Yule anayekunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko, anafundisha sehemu kwa kukata chapati mbele ya darasa. Anaikata robo, anamuuliza dogo wa dawati la mbele robo mbili ni nini, dogo anajibu nusu, anapewa hiyo nusu anaila palepale na darasa zima linalipuka. Mimi ile klipu nimeiangalia labda mara ishirini, na bando langu mwenyewe.

Sasa wiki iliyopita kaposti picha mpya. Suti ya bluu, meza kubwa, kiti cha kuzunguka, bendera ndogo pembeni. Kateuliwa kuwa Afisa Elimu Taaluma kwenye halmashauri moja huko Kanda ya Ziwa. Komenti zikamiminika. Wengi wanampongeza kwa kutoka kwenye vumbi la chaki. Mwingine kafurahi kwamba jamaa atapumzika na kelele za watoto. Kuna mmoja kaanzisha utani wa kile kiti, eti kila kikizunguka mshahara unapanda, na huo utani ndio umepata laiki kuliko zote. Chini kabisa, ukishuka sana, kuna mama mmoja anaonekana ni mzazi pale shuleni. Kauliza kitu kimoja tu, hesabu za darasa la tano sasa atafundisha nani. Laiki nne. Moja yangu.

Sina shida na jamaa kupanda. Shida yangu ni tunavyomshangilia kama mtu aliyeachiwa kutoka jela.

Kwanza tuelewane hiyo kazi ni ipi, maana huko kwenye komenti kuna watu wanadhani kaenda kuandika vitabu. Hapana. Mtaala wa nchi hii unaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, wale wa Mikocheni, ambao kaka na dada zetu waliwajua kama Taasisi ya Ukuzaji Mitaala. Wao wanatoa mtaala, mihtasari na vitabu vya kiada. Baada ya hapo kuna safari. Ile karatasi ya Mikocheni inatakiwa imfikie mwalimu ambaye shule yake iko mbali kabisa na lami, na ikifika igeuke somo. Hapo katikati ndipo wanapokaa hawa watu. Kuna Afisa Elimu Kata, ambaye zamani tulimwita Mratibu, anaangalia shule za kata yake. Juu kule halmashauri kuna Afisa Elimu wa msingi na wa sekondari, na kwenye ofisi zao kuna mtu wa taaluma. Huyo ndiye anayehangaika na mafunzo ya walimu, mock, matokeo, shule ipi imefeli na kwa nini. Bado hujaweka wathibiti ubora wa shule, ambao wao wako chini ya Wizara ya Elimu wakati hawa wa halmashauri wako TAMISEMI. Mwalimu mmoja, mabosi wa njia mbili. Mimi ningechanganyikiwa.

Kwa hiyo ni kazi kubwa kweli, na sasa hivi ni kubwa zaidi. Januari 2024 mtaala mpya ulianza kutumika kuanzia awali, darasa la kwanza, la tatu na kidato cha kwanza. Limekuja somo la Historia ya Tanzania na Maadili, umekuja mkondo wa amali sekondari, shule ya msingi inaelekea kuwa miaka sita badala ya saba. Kila mwalimu anatakiwa aelekezwe, na asielekezwe na mtu wa kusoma slaidi tu.

Tumeshawahi kuona ikishindikana. Mtaala wa 2005 ndio uliokuja na habari ya umahiri, kwamba mwanafunzi afanye, asikariri. Mimi sekondari nimesoma yote chini ya huo mtaala. Kufanya sikumbuki. Nakumbuka kunakili nukuu ubaoni mpaka kidole kinaota sugu, halafu mwalimu anafuta upande wa kushoto kabla hujamaliza. Wa 2005 uliishia njiani, kati ya Mikocheni na ubao wetu.

Ndiyo maana nasema huyu wa chapati wamemchagua vizuri. Nani mwingine apewe, mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya watoto tisini saa nane mchana, jua kali, nusu yao hawajala?

Ila sasa nisikilizeni na upande mwingine, maana huu mimi umenipitia mwilini.

Nilikuwa na mwalimu wa hesabu tangu kidato cha kwanza. Shule ya kata, sitaitaja. Huyu mzee (alikuwa na miaka thelathini na kitu tu, ila kwetu alikuwa mzee) alitufundisha mlinganyo wa mstari kwa nauli ya boda. Ukipanda tu ni buku, halafu kila kilomita ni mia tano. Kilomita moja buku na mia tano, mbili ni elfu mbili, tatu elfu mbili na mia tano. Akachora mstari ubaoni, akaonesha unapogusa ule mhimili wa wima, akasema hiyo hapo ndiyo buku ya kuanzia, boda anakudai hata hajawasha pikipiki. Mpaka leo ukiniamsha usiku nitakuambia. Na mimi si mtu wa hesabu, muulizeni mama yangu.

Kidato cha tatu, mwezi wa nne, katikati ya muhula, tukaambiwa mwalimu kateuliwa kuwa Mratibu Elimu Kata. Tukamfanyia sherehe. Soda, keki, dada mkuu akasoma risala, tukapiga makofi mpaka viganja vikauma. Sisi tulidhani tunamheshimu. Jumatatu yake kipindi cha kwanza hesabu, hakuna mtu. Jumatano hakuna. Baada ya wiki kama tano mwalimu wa Jiografia akaombwa ashikilie, mtu mwema, lakini na yeye alikuwa anasoma usiku kile atakachotufundisha asubuhi, na sisi tulikuwa tunaona. Kuna swali alilikwama ubaoni akatuambia tukalimalizie nyumbani, na hakuna aliyelirudia tena, si yeye wala sisi.

Kidato cha nne nikapata F ya hesabu. Darasa letu karibu lote tulipata. Sitamtupia mtu, hesabu inaangusha watu kila mwaka nchi nzima, na mimi pia nilikuwa mvivu wa mazoezi. Ila nakumbuka kwamba kuna kipindi nilikuwa naelewa, na najua mwezi kilipoishia.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani kwenye msiba wa shangazi, nikamkuta mwalimu amekaa pale kwenye turubai. Nikamfuata. Shikamoo mwalimu. Marahaba, wewe si yule uliyekuwa unakaa dirishani? Nilitamani kulia, we mtu miaka yote hiyo anakumbuka dirisha.

Tukaongea mpaka watu wa jikoni wakatuletea chai mara mbili. Nikamuuliza kwa adabu, mwalimu, kwa nini ulituacha? Hakuzunguka. Akasema mwanangu, nilikuwa na watoto wawili na mkopo, na mratibu analipwa posho ya madaraka 250,000 kwa mwezi na usafiri anapewa. Ningebaki darasani ningefundisha vizuri mpaka nastaafu na hiyo posho nisingeiona. Nikanyamaza, ningemwambia nini?

Halafu akaniambia kitu ambacho ndicho kimenifanya niandike hii posti.

Akasema mwaka wa kwanza wa uratibu alikuwa anajua kila kitu. Anafika shule, hata hajaingia ofisini, anapita nyuma ya darasa anasikiliza dirishani dakika mbili, anajua humu wanaelewa au wanaitikia tu ndiyo mwalimu. Lakini kazi ikaanza kumla. Asubuhi ujumbe kwenye WhatsApp, takwimu za madawati zinahitajika kabla ya saa sita. Kesho matundu ya vyoo. Keshokutwa orodha ya watoro. Anazunguka shule tano kuhesabu vitu, darasani hata hachunguli. Na hata akichungulia, walimu wanabadilika. Wakisikia tu pikipiki yake, maandalio ya somo yanatoka mikobani, chati zinabandikwa, watoto wanaambiwa wakae vizuri. Anaoneshwa shule ambayo haipo. Akikaa na walimu wenzake wa zamani wakinywa soda, mazungumzo yanakufa akifika. Wao wanamwita bosi. Yeye bado alidhani ni mwenzao.

Siku iliyomshtua ni ya semina ya mtaala mpya. Walikuwa kwenye kituo cha walimu, yeye ndiye anaelekeza. Akawaeleza namna ya kugawa wanafunzi kwenye makundi, nane nane, kila kundi na kazi yake, mwalimu anapita katikati. Dada mmoja mdogo, ajira mpya, akanyosha mkono. Mwalimu, mimi darasa langu lina watoto mia na ishirini na madawati yamegusana ukuta kwa ukuta, hapo katikati napita wapi? Ukumbi ukacheka. Yeye akatafuta jibu akakosa. Akasema tutalijadili baadaye, na hakulijadili.

Aliniambia, mwanangu, mimi nilifundisha tisini. Mimi huyu huyu. Nilikuwa na namna yangu ya kufanya, nilikuwa nawageuza wa dawati la mbele wawatazame wa nyuma, hakuna anayehama. Nililisahau. Miaka minane tu nikalisahau.

Baada ya hapo akaenda kwa mkuu wa shule mmoja wa kata yake akaomba vipindi viwili vya hesabu, kidato cha kwanza, kila Jumanne asubuhi. Wenzake wakamcheka, wakamuuliza kashushwa cheo? Siku ya kwanza chaki ilimkatikia mara tatu. Lakini akaanza kujua tena. Akajua kitabu kipya kwenye darasa lake wanasoma watoto sita wakilala kichwa kwa kichwa. Akajua vile vishikwambi vya sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu, cha mwenzake kinachajiwa dukani kwa mia tano kwa sababu shule haina umeme, kwa hiyo ukimwambia asome mwongozo humo ujue kuna siku hana hiyo mia tano. Akajua kipindi kilichoandikwa dakika arobaini kinabaki ishirini na tano ukitoa kuingia, kutulia na kugawana vitabu. Na semina iliyofuata, akiongea, walimu hawakuwa wanaangalia saa. Halafu yule dada wa mia na ishirini akamwonesha yeye mbinu ambayo hakuwa anaijua.

Sasa mimi ndicho ninachomwomba wa chapati. Kaka, suti imekupendeza, na hicho kiti kizungushe, umekifanyia kazi. Lakini tafuta shule moja iliyo karibu na hiyo ofisi, chukua darasa moja, vipindi viwili kwa wiki, na hivyo vipindi visiguswe na kikao chochote. Na usiwe mgeni wa heshima humo, uwe mwalimu mwenye daftari la kusahihisha na watoto wanaofeli jaribio lako. Klipu endelea kuposti, ila safari hii tuoneshe na somo lililobuma. Ukiwa bosi, mwalimu wa huko ndani akikuona umebuma na wewe, hiyo siku ndiyo atakuambia na la kwake.

Nimemwambia rafiki yangu haya, ni mwalimu wa msingi huku Mbagala, karibu anitupie kikombe. Akasema nyie watu mnapenda sana mwalimu ateseke. Daktari akiwa mganga mkuu mbona hamumwambii aendelee kuchoma sindano? Nikamjibu lakini wapo madaktari wakubwa wanaendelea kuona wagonjwa, tena tunawapangia foleni. Akasema sawa, lakini hao wanalipwa. Na hapo, watu wangu, kanishinda nusu. Yuko sahihi kwamba mwalimu hana ngazi nyingine. Madaraja yanapanda, ndiyo, taratibu na kwa kusubiri. Lakini hela ya madaraka iko ofisini, kwa mkuu wa shule, kwa wa kata. Mwalimu bora kuliko wote shuleni kama hana ofisi, hana. Halafu tunashangaa wazuri wote wakitaka kutoka. Tumejenga nyumba yenye mlango mmoja, nao ni wa kutokea.

Kwa hiyo lawama yangu si kwa wa chapati wala kwa mwalimu wangu. Ningekuwa mimi na mkopo ule ningekimbia kabla ya keki.

Lakini hata kabla hatujafika kwenye mambo makubwa ya mishahara, kuna kadogo ambako kangenisaidia mimi wa dirishani. Uteuzi ufanyike Desemba. Shule zimefungwa, mwalimu anakabidhi, mbadala anajulikana, Januari watoto wanaanza na mtu. Kwa nini mtu anyanyuliwe mwezi wa nne kama bakuli la mboga, waliobaki mezani hawajamaliza kula? Na barua isitoke mpaka lile swali la yule mama lijibiwe kwa jina, fulani ndiye atafundisha. Na kama jina hakuna, basi mteuliwa aanze kazi mpya huku anamalizia muhula. Itamchosha, ndiyo. Na kwenye huo muhula mmoja hata hiyo 250,000 aipate.

Maana njia ya pili tumeiona jinsi inavyoishia. Kuna mwingine, huyu hana chapati, kuna klipu yake ilizunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp. Na yeye alianzia darasani, na waliosoma kwake wanasema alikuwa moto. Sasa hivi ni mkubwa sehemu fulani. Kwenye ile klipu anamfokea mwalimu mbele ya wanafunzi kwa sababu andalio la somo lina tarehe ya jana. Watoto wameinamisha vichwa. Mimi kilichonikaa si kufoka, nilikuwa naangalia ubao nyuma yake. Kulikuwa na somo ubaoni, mchoro mzuri wa rangi wa moyo wa binadamu, mtu kautolea jasho. Hakugeuka hata mara moja kuutazama. Zamani angekuwa yeye aliyechora.

Basi nimeangalia tena ile posti ya wa chapati asubuhi hii kabla sijaweka hii. Kajibu komenti nyingi, mikono ya shukrani kwa kila mtu, hata ule utani wa kiti kaucheka. Yule mama bado hajajibiwa. Laiki zimefika kumi na moja.

Walimu mlioko humu, na najua mpo, mnasomaga kimyakimya: wa halmashauri yenu anaingia darasani au mnamsikia kwenye pikipiki tu? Semeni hapo chini, majina wekeni ya uongo.